Kwa Jumla

Ngozi ya kondoo ina pande mbili:
upande wa sufu, unaokunywa wino kwa pupa,
na upande wa nyama, mweupe, mwenye subira.
Mama yake nyanya yangu, Thirza Garside,
alizitambua kwa kidole gumba, gizani, akipiga miayo.

Miaka kumi na tisa aliwaandikia hati mawakili wa Skipton.
Kila maneno sabini na mawili, peni mbili.
Aliyahesabu kwa kutikisa kichwa
mpaka kanisani watu wakadhani anakubaliana na mahubiri.

Kazi yake ilikuwa na jina lililotoka sokoni.
Engross, walisema,
na neno lenyewe walilipata kwa Wafaransa,
waliokuja na mahakama zao na michuzi yao:
kwa unene, kwa wingi, kwa jumla.
Lilikuwa neno la mlanguzi,
yule anayenunua ngano ikingali kijani shambani,
akaifungia ghalani mpaka mkate upande bei
na watoto walale kwa maji ya moto.
Lilikuwa pia neno la karani:
rasimu ikishakubaliwa, iandike kwa herufi nene,
asome hata hakimu mwenye mtoto wa jicho.
Baadaye ndipo lilipopanda kichwani.
Jambo linakujia, linakununua wote,
halikuachii hata kibaba
cha kusikia mlango ukibishwa.

Jumanne moja ya Februari
alianza na T kubwa kama lango la zizi.
Birika lilichemka, likakauka, likanuka chuma.
Amos, mwanawe, alikuja na pua inayovuja damu,
akauona ule mgongo,
akaenda kujifuta kwa theluji.
Thirza alikuwa ndani ya mkia wa y.
Alikuwa anavuta pumzi mwishoni mwa mstari tu,
kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

Jioni, kama ilivyo ada, hati ililinganishwa:
kijana Lemuel akisoma rasimu kwa sauti,
yeye akifuata kwa ncha ya sindano.
Bwana Pickersgill, mfanyabiashara wa nafaka,
ananunua nyumba kumi na moja za Mtaa wa Watengeneza Ngozi,
pamoja na visima, vyoo, vichochoro na haki zote,
wapangaji waondoke kabla ya Pasaka,
na ya saba, ambayo sasa inakaliwa na Garside...

Lemuel akanyamaza.

Sindano ilikuwa chini ya G.
G nzuri. Asubuhi alikuwa ameirudi kuitazama,
akaisogeza taa karibu,
akaridhika na tumbo lake.
Aliandika jina lake kama mtu anayefuma shuka
bila kuuliza nani atazikwa nayo.

Kisu cha kukwangulia makosa kilikuwa palepale, mezani.
Alikishika. Akakigeuza. Akachongea kalamu.
"Endelea," akasema.

Kosa halikupatikana hata moja.
Maneno elfu moja mia nne na arobaini,
shilingi tatu na peni nne,
ambazo alizihesabu mara mbili mbele ya wakili
kwa sauti, safari hii.

Wengine katika ukoo wanasema alilia njiani.
Nyanya alikataa. Alisema mama yake alikwenda moja kwa moja
kulisugua birika kwa mchanga,
na kwamba lilitoboka.

Hati hiyo ninayo mimi.
Niliipata mnadani, ndani ya sanduku
lenye mwavuli uliovunjika na vitasa vya milango.
Nilitaka karatasi ile moja tu.
Dalali akasema haiuzwi rejareja.

Nimeitundika juu ya meza ya jikoni.
Pickersgill simsomi, wala mipaka, wala visima.
Natazama tumbo la G, pale wino ulipozama zaidi
kwa kuwa mkono haukutaka kuondoka,
na mke wangu anasema ameniita mara tatu,
chakula kimepoa.